Muhuri wa SIRI kwenye kalenda ya ofisi

Maneno haya niliyasema Dodoma, mbele ya makatibu muhtasi na watunza kumbukumbu, asubuhi ya siku ya pili ya semina yao. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.

Ndugu Mwenyekiti, meza kuu, ndugu zangu nyote: itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi. Nimepewa dakika arobaini na nimeambiwa chai inaingia saa nne na nusu, kwa hiyo najua ninashindana na nani.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mstaafu. Nilisoma Chuo cha Uhazili Tabora, enzi hizo hatimkato, yale maandishi ya mkato ya kunakili maneno kwa haraka, inakutoa jasho na darasa la taipureta linapiga kelele kama mashine ya kusaga. Nimekaa mlangoni kwa mabosi sita. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa kata. Nilijua nani anakuja kukopa, nani anaitwa kuonywa, mke wa bosi anasafiri lini. Dayari ya bosi ilikuwa moja, ya jalada gumu, na jioni ililala kwenye droo yenye ufunguo. Ufunguo ulilala kwenye pochi yangu.

Vijana wa TEHAMA waliwafundisha jana kutumia kalenda za kompyuta, na wanazijua kuliko mimi. Sitarudia. Nimekuja na kipande kimoja walichokiruka: mambo yako wewe mwenyewe yaliyomo kwenye kalenda hiyo. Kliniki yako. Kikao cha ukoo. Siku ya kulipa ada. Usaili wa kazi nyingine. Msitazamane, najua mnaenda.

Nianze na yangu. Miaka michache kabla sijastaafu, mama yangu mdogo alikuwa anatibiwa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyekuwa nampeleka. Nikaiandika ile miadi kwenye kalenda ya kompyuta ya ofisi, maana ndiyo niliyokuwa naitazama kutwa. Nikaweka na ile alama ya kufuli inayosema tukio hili ni binafsi. Nikaiagiza inikumbushe siku moja kabla, kwa kuwa mama mdogo anakaa Mbagala na foleni mnaijua.

Basi siku hiyo kuna kikao cha menejimenti. Kompyuta yangu ndiyo imeunganishwa na projekta, mimi ndiye ninayesogeza kurasa. Tuko kwenye bajeti, kifungu cha matengenezo ya magari, ghafla pembeni ya ukuta kikachomoza kijisanduku: "Ocean Road, kesho, saa 3." Kikakaa pale sekunde chache, kikazama.

Hakuna aliyesema neno. Lakini Dar es Salaam mtu akisikia Ocean Road haulizi unakwenda kufanya nini. Kufika mchana wameanza kuja mezani kwangu mmoja mmoja. Pole, dada. Mungu ni mwema, dada. Mmoja akaniletea chupa ya asali ya Tabora. Nikaeleza kwamba mgonjwa ni mama yangu mdogo, wakaitikia kwa kichwa, namna ile ya kumwitikia mgonjwa ambaye hajaukubali ugonjwa wake. Mwezi uliofuata ikatoka orodha ya wanaokwenda mafunzo Arusha, jina langu halimo. Nilipouliza, nikajibiwa kwa upole kabisa: "Tuliona upumzike."

Walinihurumia. Hakuna aliyenitendea ubaya hata mmoja, na hilo ndilo lililonikaa kooni, kwa sababu sikuwa na wa kumlalamikia. Asali nilimpelekea mama mdogo. Yupo, anaendelea vizuri, na anajua kwamba leo nitamtaja.

Jioni ile nilimfuata kijana wa TEHAMA nikiwa nimefura. Nikamuuliza, mbona niliweka kufuli? Akacheka, akanivutia kiti. "Mama," akasema, "kufuli lile linawaambia wenzako wasisome. Haliiambii kompyuta yako isikukumbushe, na ni wewe uliyeifungulia ukutani." Nikaendelea kumdadisi mpaka usiku ukaingia, na kadiri alivyonieleza ndivyo nilivyozidi kuikumbuka masijala, ofisi ya kutunza barua na majalada.

Ninyi mnajua tofauti ya masijala ya wazi na masijala ya siri. Barua ikiingia imepigwa muhuri wa SIRI kwa wino mwekundu, je, wino ule ulishawahi kumzuia mtu kufungua bahasha? Kilichoifanya barua iwe siri ni bahasha ndani ya bahasha, kabati la chuma, rejista ya kusaini, na yule mama wa masijala ya siri ambaye hata mkurugenzi alipita mbele yake kwa adabu. Viondoe vyote hivyo, iache barua juu ya kaunta na muhuri wake. Muhuri sasa unafanya kazi moja tu: unamwonyesha mpita njia aanze na ipi.

Lile kufuli la kwenye kalenda ni muhuri. Kabati halijaja nalo.

Na hili si langu. Mwaka 1998 wataalamu wa intaneti waliandika kanuni ya pamoja ya namna kalenda za kompyuta zinavyopelekeana matukio, wakaiandika upya mwaka 2009, na kalenda nyingi mnazozitumia zinaifuata. Ndani yake kila tukio linaweza kubandikwa daraja: la wazi, la binafsi, au la siri. Usipobandika chochote, linahesabiwa la wazi. Rudieni hapo akilini: ukinyamaza, umesema wazi. Kisha kanuni yenyewe inakiri kwamba daraja hilo ni sehemu moja tu ya ulinzi, ni namna ya kueleza mwenye kalenda amekusudia nani aone. Amekusudia! Kama heshima itakuwepo au haitakuwepo, hiyo ni juu ya programu ya upande wa pili. Microsoft nao, wenye Outlook, programu ya barua pepe na kalenda, wanawaambia wateja wao wasiitegemee alama ile kuwazuia wengine kufikia maelezo ya miadi yao. Mwenye duka mwenyewe amekwambia komeo ni la mapambo.

Sisemi msiiweke. Iwekeni. Mara nyingi inaheshimiwa, na mwenzako wa kawaida ataona kisanduku cha kijivu kisicho na jina. Nasema msilale kwa sababu yake.

Sasa tuulizane nani hasa anaona. Kwenye Outlook za ofisi, mara nyingi kianzio ni kwamba wenzako wanaona tu kama una nafasi au una shughuli. Juu ya hapo kuna ngazi: wa kuona kichwa cha tukio na mahali, wa kuona kila kitu, wa kubadili. Kwenye Google za ofisi, anayeamua kianzio ni msimamizi wa akaunti, na nimefika ofisi moja ambako kila mtu alikuwa anaona kila kitu cha kila mtu, na hakuna aliyekuwa na habari. Binti mmoja niliyemfundisha kazi ndiye aliyegundua. Aliandika kwenye kalenda yake "Usaili, Ijumaa saa 4." Bosi wake alikuwa anatafuta tu muda wa kikao unaomfaa kila mtu. Akapita mezani kwake, akamwambia, "Nakutakia heri Ijumaa." Akaendelea zake.

(Kicheko.)

Mnacheka, yule binti hakula siku nzima.

Ngazi ya juu kabisa ni ya mtu aliyekabidhiwa kalenda ya mwingine aiendeshe. Yaani ninyi. Bosi anapokukabidhi kalenda yake kwenye Outlook, kuna kisanduku kidogo kinachouliza kama uruhusiwe kuona na matukio yake ya binafsi. Wakubwa wengi hawakioni, au wamefanyiwa na kijana wa TEHAMA aliyekuwa na haraka. Kwenye Google hakuna hata hicho kisanduku: ukipewa ruhusa ya kubadili matukio, na ya binafsi unayasoma. Naomba mkirudi kazini mumuulize mkubwa wenu swali hili, kwa sauti ya kawaida tu: "Mzee, mambo yako ya binafsi unataka niyaone au nisiyaone?" Mimi niliwahi kuliuliza. Mkubwa akakaa kimya kidogo, akasema, "Usiyaone." Tangu siku hiyo tuliheshimiana zaidi ya mwanzo. Kuna mzigo mwingine kata hahitaji kuubeba.

Na mkishamuuliza bosi, jiulizeni ninyi. Likizo yako ya mwezi mmoja, nani alikushikia kalenda? Alirudisha ruhusa uliporudi? Niliwahi kukuta watu watatu bado wana ufunguo wa kalenda yangu, mmoja ameshahamia Mwanza.

Juu ya wote yuko msimamizi wa mfumo. Huyo hana haja ya ruhusa yako. Akaunti ni ya ofisi, na ukihama au ukistaafu inabaki ofisini pamoja na vilivyomo, pengine anakabidhiwa anayekaa kwenye kiti chako. Dayari yangu ya karatasi niliondoka nayo. Ya kompyuta niliiacha.

Kuna watakaosema: basi mimi nitafungua akaunti yangu mwenyewe ya Gmail kwenye kompyuta ya ofisi, niandike humo. Umeshajikwaa. Kivinjari kitakuuliza kama kisawazishe mambo yako, wewe una haraka, unabonyeza ndiyo, na umemwaga pochi yako juu ya meza ya mwajiri: nywila, historia ya ulikopita, vyote. Kuna wanaofungua dirisha la siri wakidhani wamejifunika. Dirisha hilo la Chrome likifunguka linakuambia lenyewe, kwa maandishi, kwamba mwajiri wako bado anaweza kuona. Hatusomi tu.

Mambo yako yaweke kwenye simu yako, kwenye akaunti yako. Lakini hata huko kuna shimo, na naomba mnisikilize hapa kuliko pengine pote, kwa sababu uvujaji mwingi nilioushuhudia ulianzia hapa. Wengi mmeingiza akaunti ya ofisi kwenye simu zenu ili msikose barua pepe. Programu ya kalenda inazichanganya kalenda zote mbili kwenye ukurasa mmoja: za ofisi rangi hii, zako rangi ile. Inapendeza. Ukibonyeza kuongeza tukio jipya, juu au chini ya kichwa, kwa herufi ndogo, pameandikwa limeelekea kalenda ipi. Nani anapaangalia? Unaandika "Daktari wa meno" ukiwa kwenye daladala, kumbe limekwenda ofisini. Kabla hujaandika neno, angalia hapo. Kama simu inakuruhusu kuchagua kalenda ya kuanzia, chagua yako.

Na mwaliko ukishatoka umetoka. Ukimwalika mtu kwenye tukio, barua pepe imemfikia ikiwa na kichwa, mahali na maelezo. Kuweka kufuli baadaye ni kumfunga farasi ambaye ameshafika sokoni. Vivyo hivyo ukichapa ratiba ya wiki ya bosi kumpa dereva. Outlook ina sehemu ya kuficha maelezo ya matukio ya binafsi wakati wa kuchapa, lakini haijiwashi. Nimeona ratiba imebandikwa kwa gundi nyuma ya mlango wa chumba cha madereva, ina siku ya bosi ya kupima moyo. Madereva walikuwa wanamwendesha polepole wiki nzima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hata vijana wa TEHAMA hawalifikirii sana, maana ni letu sisi tunaosoma watu. Kisanduku kitupu nacho kinasema. Tuseme umeficha kila kitu, wenzako wanaona "Ana shughuli" tu. Lakini shughuli hiyo inakuja kila baada ya miezi mitatu, Jumanne, saa 2 hadi saa 6. Mwenye jicho atahesabu. Anayehudhuria CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, anayepeleka mtoto kwenye mazoezi ya viungo, anayekwenda kwa mshauri kwa sababu ndoa imeyumba: hao wote wana mdundo, na ofisi ina masikio ya ngoma. Kwa hiyo kwenye kalenda ya ofisi msiweke tukio la kujirudia. Liwekeni moja moja, siku zikikaribia. Fungeni nusu siku, saa ile moja isionekane peke yake. Andikeni "Sipo ofisini" na muishie hapo. Uongo wa kutaja watu wengine msiuandike. Niliwahi kumjua aliyeandika "Kikao Wizarani", bosi akapiga simu Wizarani kumsalimia.

Mkitaka kuandika kitu cha kujikumbusha wenyewe, rudini Tabora. Hatimkato ilikuwa kufuli letu. Ungeweza kuacha daftari wazi mezani, imo ndani barua yote ya kumsimamisha mtu kazi, mpita njia akaona nyuzi na ndoano tu. Aliyeweza kusoma ni hazili mwenzako, na hazili mwenzako alikuwa na adabu. Baada ya yale ya projekta mimi nilianza kuandika "Kitenge". Kitenge saa 3. Fundi alikuwa daktari. Mwenzangu mmoja aliishia kuniuliza, dada, hicho kitenge mbona hakiishi kushonwa? Nikamwambia fundi wa Mbagala huyo, hana haraka.

(Kicheko.)

Tena, kwa kuwa nimetaja saa: kompyuta haizijui saa zetu. Usiandike "saa 3" kwenye kichwa ukaiweka kwenye mstari wa 3:00. Utamfikisha mgonjwa hospitali usiku wa manane. Hilo nalo limenitokea, ila si la leo.

Mtaniuliza: mama, sheria haitulindi? Inawalinda. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 16, inataja haki ya faragha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Na ninyi mnaoshika kalenda za watu, sheria hiyo inawatazama mara mbili: kama wenye taarifa na kama washika taarifa za wengine.

Lakini nawapa kisa cha Romania. Mwaka 2007, jijini Bucharest, mwajiri mmoja alisoma mawasiliano ya mfanyakazi wake ya Yahoo Messenger kwa siku kadhaa. Akaunti ilifunguliwa kwa ombi la mwajiri, ya kujibu maswali ya wateja, na yule bwana akawa anaongea humo na ndugu yake na mchumba wake, mengine mambo ya afya yake. Akafukuzwa kazi. Akaenda mahakamani, akashindwa, akapanda juu, akashindwa, mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Septemba 2017, majaji 11 dhidi ya 6, wakasema faragha yake haikulindwa, na kwamba amri za mwajiri haziwezi kuyafanya maisha binafsi ya mtu kazini yawe sifuri.

Alishinda. Sasa hesabuni, kutoka 2007 mpaka 2017. Na katika miaka hiyo kumi maneno yake kwa mchumba wake yamekuwa kielelezo mahakamani, yamesomwa na mawakili wa nchi mbalimbali. Mimi siku ile kwenye kikao sikuhitaji kushinda kesi. Nilihitaji wasione.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, dada. (Aliuliza: na kama kazi yangu inanilazimu kuwa na kila kitu kwenye kalenda moja, maana nikigawa nitasahau?) Swali zuri, hata mimi nilikuwa hivyo. Iache kalenda yako kamili iwe ile ya kwenye simu yako. Ya ofisi ibebe vipande vitupu tu vya kukufungia muda. Ni kuandika mara mbili, ndiyo. Tulikuwa tunachapa barua moja na nakala nne kwa kaboni, sembuse hilo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Zimebaki dakika kumi kabla ya chai, na sitaki kuzimaliza nikiongea. Kila mmoja amgeukie jirani yake wanayefanya kazi ofisi moja. Jirani afungue kompyuta yake, atafute kalenda yako, akusomee kwa sauti ya chini anachokiona kuanzia Jumatatu ijayo. Wewe nyamaza, usimweleze chochote, sikiliza tu. Akimaliza, mbadilishane. Nyie wa mstari wa mbele mliokuja peke yenu, njooni hapa kwangu, na kabla hatujaanza, mmoja wenu anisaidie kuichomoa hii projekta.